Mwanafunzi wa Mama Mwanne

Bahizire hakushika kitu chochote kwa kiganja kabla ya kukigusa kwa mgongo wa mkono. Mlango, kikombe cha chai, kiti cha plastiki kilichoachwa juani, baiskeli ya jirani: kwanza mgongo wa vidole, mguso mwepesi kama wa mzazi anayepima homa ya mtoto, kisha ndipo mkono ulipogeuka na kushika. Siku alipomzika mkewe nilimwona akiligusa jeneza hivyohivyo kabla ya kuungana na wenzake kulibeba. Waliokuwa karibu walidhani anamuaga. Mimi nilijua ni mazoea tu, na kwamba hata huzuni ilikuwa imeshindwa kuyaondoa.

Sababu yake aliwaeleza wasichana aliowafundisha kituoni kwetu kila mwaka, siku ya kwanza ya masomo.

"Umeme ikikupata, mukono inajifunga," alisema, akikunja ngumi mbele yao. "Ukigusa na kiganja, inajifunga juu ya waya. Unabaki pale mpaka watu wakuje na sanduku. Ukigusa na mugongo, inajifunga huku, inakutupa mbali. Njo maana mi sishikake kitu kama sijakisalimia."

"Hata mke wako, Papa?" msichana mmoja aliuliza mwaka fulani, na wenzake wakaziba midomo.

"Ule njo wa kwanza," Bahizire alijibu bila kucheka. "Umeme ya mji inakatika kila saa. Yake haikatikake."

Alifariki mwaka jana, mwezi wa tatu, huko Ruziba. Nayaandika maisha yake kwa sababu niliwahi kuyaandika mara moja, kwa mistari minne, na niliyaandika vibaya.

Ilikuwa mwaka 2014. Nilikuwa msimamizi wa masomo katika kituo kimoja cha ufundi cha wasichana, eneo la viwanda liitwalo Zone Industrielle, nyuma ya maghala, mahali ambapo harufu ya sabuni na ya kahawa inayokaangwa hukutana na ile ya moshi wa malori. Tulikuwa tukifungua fani ya kusuka upya mota za umeme zilizoungua. Mota za pampu, za vinu vya unga, za feni, zote zikiungua hufunguliwa, waya wa shaba ulioharibika hutolewa na mwingine kusukwa mahali pake. Tulihitaji mwalimu, na watu watatu wa viwanda tofauti walinitajia jina lilelile. Bahizire alikuwa amefanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili katika kiwanda kilichokuwa kimefungwa, na tangu hapo alikuwa akitengeneza mota nyumbani kwake Gatumba.

Nilimkalisha ofisini na kujaza fomu. Alizungumza asubuhi nzima. Mimi niliandika hivi: Amezaliwa Uvira, Kongo, 1960. Elimu, shule ya msingi. Uzoefu, miaka ishirini na miwili kiwandani. Ufundi alijifunza mtaani, hana cheti.

Alichoniambia kwa kweli ni hiki.

Alivuka mpaka kuja huku kwetu akiwa na miaka ishirini, akawa anabeba mizigo bandarini. Siku moja mwenye kinu cha mpunga alimtwisha mota begani aipeleke Buyenzi kwa fundi Seifu. Alipofika hakumkuta mwanamume yeyote. Alimkuta mwanamke mnene, amejitanda kanga, ameketi kwenye mkeka na kuzungusha waya wa shaba kwenye kibao cha mti.

"Fundi iko wapi?" Bahizire aliuliza.

"Unamwangalia," mwanamke alijibu. "Weka chini polepole, hilo si gunia la mchele."

Alikuwa Mama Mwanne, mjane wa Seifu. Enzi za uhai wa mumewe kazi yake ilikuwa kuzungusha waya kuwa koili tu, kazi waliyopewa wake za mafundi kwa sababu vidole vyao vilikuwa na subira. Seifu alipokufa aligundua kwamba aliyoyaona kwa miaka kumi na mitano akiwa nyuma ya mgongo wa mumewe yalikuwa yametosha. Tatizo lilikuwa wateja. Walifika, wakaona mwanamke, wakarudi na mota zao. Basi alimwajiri Bahizire asimame mlangoni, avae ovaroli ya marehemu, apokee mota na kutikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Yeye akakaa nyuma ya pazia na kufanya kazi. Mteja alipouliza swali gumu, Bahizire alijibu, "Ngoja niangalie stoo," akaingia ndani, akanong'onezwa, akatoka na jibu.

"Mwaka muzima nilikuwa mwanaume wa bure," aliniambia na kucheka mpaka machozi yakamtoka. "Kisha nikasikia haya. Nikamwambia, Mama, unifundishe, nisiwe natoka na uongo kila siku."

Alimfundisha miaka saba. Alimfundisha kusalimia kila kitu kwa mgongo wa mkono, kwa kuwa Seifu alikufa kwa kusahau hilo mara moja. Alimfundisha kuhesabu mizunguko ya waya wa zamani kabla ya kuukata, na kutunza koili moja ya zamani bila kuikata mpaka mota mpya iwake, ili ukikosea uwe na pa kurudi. Hesabu za kila mota aliziandika katika daftari kwa herufi za Kiarabu, alizojifunza madrasa utotoni. Kabla ya kufa alimwachia Bahizire daftari hilo na vibao vyake kumi na vinne. Wanawe waliuza nyumba.

Hayo yote niliyafupisha kuwa neno mtaani. Sikufanya kwa ubaya. Fomu ilikuwa na nafasi ya mstari mmoja.

Miaka minne alifundisha wasichana sabini na wachache. Nilipenda kusimama dirishani kumtazama. Hakuwapigia kelele na hakuwabembeleza. Kila kitu alichosema kilianza na "Mama Mwanne alisemaka," hata wasichana wakawa wanamtaja mama huyo wakati wanafanya kazi, kana kwamba alikuwa katoka nje kidogo kuchukua maji.

Katika darasa la mwisho alilolifundisha alikuwapo Orlane, msichana mrefu wa Kanyosha, mkali wa maneno, aliyeletwa kwetu baada ya kufukuzwa katika kozi ya ushonaji. Mwezi wake wa pili alipewa mota ya pampu ya hospitali moja. Kwa haraka ya kujionyesha, aliukata waya wote na kuung'oa bila kuhesabu mzunguko hata mmoja. Nyaya zilikuwa zimeungua na kushikamana, naye akazitupa kwenye rundo la takataka. Alipotambua alichofanya, alisimama katikati ya karakana kama aliyepigwa.

Nilikuwa dirishani. Nilitarajia makofi au matusi. Kwa ufundi huo, kosa hilo ni kama kufuta wosia: hakuna mtu anayeweza kukuambia mota ile ilisukwa vipi.

Bahizire alivua miwani, akaifuta. "Haya," alisema. "Tuende tumutafute."

"Nani, Papa?"

"Ule mutu alisuka mbele yako. Ameandika kazi yake mu takataka yako."

Walikaa chini wawili mchana kutwa, wakitenganisha vipande vya shaba vilivyoungua, wakivipanga na kuvihesabu kimoja kimoja. Orlane alilia kidogo, kisha akachoka kulia. Jioni walikuwa wamepata idadi, na Bahizire akamwambia, "Hii nilifanyaka na mi. Mama Mwanne alinikalisha siku mbili. We una bahati, niko na magoti mabaya."

Tangu siku hiyo Orlane alianza kusalimia vitu kwa mgongo wa mkono.

Sasa nifike kwangu, maana bila mimi hadithi hii ingekuwa ya mtu aliyefanya kazi yake mpaka akazeeka.

Nilisoma ualimu chuo kikuu. Katika miaka yote ile sikufundishwa na mwanamke hata mmoja. Nilipokuwa na miaka ishirini na mbili profesa mmoja alinirudishia insha akisema, mbele ya watu, kwamba ninaandika vizuri kama mwanamume. Alidhani ananisifu. Nilikaa na maneno yale kooni miaka mingi. Kwa hiyo nilipoanza kusoma kwamba msichana anahitaji kumwona mbele yake mtu anayefanana naye ili aamini kwamba njia ipo, sikusoma kama mtu anayejifunza. Nilisoma kama mtu anayesomewa barua yake mwenyewe. Bado naamini nusu yake. Kama ningemwona mwanamke mmoja tu akipanda jukwaani pale chuoni, pengine nisingekuwa mwoga kiasi hiki.

Mwaka 2018 niliandika ripoti kwa wafadhili wetu. Nilieleza kwamba fani ya mota ilikuwa na upungufu mmoja mkubwa: mwalimu wake ni mwanamume, mzee, mgeni, asiye na cheti, na wasichana hawana kioo cha kujitazama. Nilipendekeza mhandisi wa kike, Mrundi. Ripoti ilisifiwa. Mkurugenzi aliisoma kwa sauti mkutanoni, na mimi nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu niliokuwa nimeufanyia mazoezi.

Nilimwendea Bahizire mwenyewe. Angalau hilo nililifanya.

"Fundi," nilimwambia, "wasichana wanahitaji kuona mtu anayefanana nao."

"Kufanana nao namna gani, Madamu?"

"Mwanamke. Na wa hapa."

Alifikiri. Alikuwa ameshika kibao cha kuzungushia waya, akikigeuzageuza. "Mi na Mama Mwanne hatukufanana hata kidogo," alisema. "Yeye mwanamuke, mi mwanaume. Yeye mwislamu, mi wa misa. Yeye wa Buyenzi, mi mubeba mizigo wa Uvira. Vidole tu njo vilifanana, na hiyo ilikuja nyuma, baada ya miaka."

"Najua, Fundi. Lakini wafadhili..."

"Kama wanatafuta mwanamuke, iko hapa. Miaka ine wasichana wanafundishwa na mwanamuke. Waambie ile tu. Mi mudomo yake tu."

Nilimwambia nitaona. Ripoti ilikuwa imekwisha kwenda, na mwanamke aliyekufa, asiye na picha wala cheti, hakuwa na mahali pa kuingia ndani yake bila kuibomoa yote.

Adélaïde alifika mwaka uliofuata, akiwa na shahada ya uhandisi ya ng'ambo na umri wa miaka ishirini na minane. Alikuwa binti mzuri, tena mkweli: wiki ya kwanza alinijia ofisini akaniambia hajawahi kusuka mota hata moja maishani mwake, alisomea mitambo ya kuzalisha umeme. Nilimwambia asijali. Tuliweka ukuta wa mbao nyepesi mwishoni mwa karakana, Bahizire akaitwa msaidizi wa stoo, akakaa nyuma yake. Adélaïde alisimama mbele na ovaroli safi. Alipokwama alisogea kwenye upenyo wa mbao na kuuliza kwa sauti ya chini, "Muzee, hii inaungana na ipi?" Kisha alirudi kwa wasichana na jibu.

Siku moja nilipita pale stoo. Bahizire alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, vibao vyake kumi na vinne vimepangwa miguuni.

"Umeona, Madamu?" alisema. "Sasa mi njo Mama Mwanne. Pazia tu ilibadilika."

Alicheka. Nilicheka na mimi, na ndicho kicheko ninachokijutia kuliko vyote.

Wasichana hawakudanganyika. Walimheshimu Adélaïde, walimsuka nywele wakati wa mapumziko, walimwuliza habari za ng'ambo na za wanaume. Mota walikwenda kuzifanyia kazi nyuma ya mbao, wawiliwawili, kwa visingizio vya kufuata vifaa. Orlane ndiye aliyekwenda zaidi. Bahizire alikuwa ameanza kumsomea daftari la Mama Mwanne. Herufi hakuzijua, ila tarakimu alizijua, na maelezo alikuwa ameyakariri kwa kichwa enzi zile. Walikuwa wamepanga kulinakili lote kabla ya mwaka kwisha.

Mwezi wa kumi na moja mwaka 2019 wafadhili walituma mtu wa kuja kutazama. Mkurugenzi aliniita, akanionyesha orodha ya wafanyakazi wa mwaka unaofuata. Kwenye jina la Bahizire palikuwa na alama ya kuuliza.

"Msaidizi wa stoo kwa fani yenye wanafunzi kumi na wanane," alisema. "Nitamwelezaje mgeni? Akimwona ana faida, abaki. Asipomwona, basi."

Nilimweleza Bahizire. Nilimwahidi kwamba mgeni akifika nitampeleka nyuma ya mbao, na nitamsimulia habari ya Mama Mwanne kutoka mwanzo. Siku hiyo alikuja na shati jeupe chini ya ovaroli. Daftari alikuwa amelifunga ndani ya mfuko wa plastiki, akaliweka juu ya meza ndogo ili lionekane.

Mgeni aliitwa Patricia. Alikuwa mwanamke mpole wa umri wangu, asiyejua Kiswahili wala Kirundi wala Kifaransa, Kiingereza tu. Pale kituoni mimi peke yangu ndiye niliyekijua, hata Adélaïde alisoma kwa Kifaransa, kwa hiyo kila neno lilipita kinywani mwangu. Adélaïde alimtembeza. Picha zilipigwa. Patricia alivutiwa sana. Mara mbili alitaja ripoti yangu, akasema huko kwao wengine wameanza kuifuata.

Kisha akamgeukia Orlane, aliyekuwa akifunga koili kwa uzi, akaniomba nimwulize swali moja: ni nani aliyemfanya aamini kwamba anaweza kazi hii?

Nilimwuliza. Orlane aliinuka. Hakunitazama mimi, alimtazama mgeni.

"Ni Papa Bahizire," alisema kwa sauti kubwa, kwa makusudi, ili ifike nyuma ya mbao. "Na yeye alifundishwa na mwanamuke, Mama Mwanne wa Buyenzi. Mi sikumuona yule mama, ila mikono yake ninaijua."

Mkurugenzi alikuwa akinitazama. Patricia alikuwa akinitazama na tabasamu la mtu anayesubiri zawadi anayoijua tayari. Niliona ripoti yangu yote imesimama juu ya jibu la msichana mmoja, na kwamba nikilisema jinsi lilivyosemwa itabidi nieleze kwa nini mzee huyo yuko nyuma ya mbao. Nikafungua mdomo. Nikasema kwa Kiingereza kwamba ni Madamu Adélaïde, kwa kuwa kumwona mwanamke kama yeye kumempa moyo.

Lugha unaweza kuificha, jina huwezi. Adélaïde alisikia jina lake na akainama kutazama viatu. Orlane alisikia kwamba katika maneno yangu hamkuwa na Bahizire wala Mwanne. Hata nyuma ya mbao ilisikika. Nilijua kwa sababu sauti ya kibao kilichokuwa kikizungushwa ilikatika.

Patricia alimkumbatia Orlane, na Orlane akabaki amesimama, mikono imening'inia.

Sikumpeleka mgeni nyuma ya mbao. Muda ulikuwa umekwisha, ndivyo nilivyojiambia. Gari lilipoondoka nilikwenda stoo peke yangu. Bahizire alikuwa amekwisha kuvua ovaroli na anapanga vibao ndani ya gunia.

"Fundi, nitazungumza na mkurugenzi kesho," nilisema.

"Apana, Madamu. Usijisumbue."

"Lile jibu, nililazimika..."

"Nilisikia." Alifunga gunia kwa uzi wa kufungia koili, fundo la Mama Mwanne, lile lisilolegea. "Mi pia nilikuwaka natafsiri pale mulangoni. Najua kazi ile. Ila mi nilikuwa natoa maneno yake."

Mwezi wa kumi na mbili jina lake liliondolewa kwenye orodha. Orlane aliondoka siku hiyohiyo, ikibaki miezi mitatu apate cheti. Aliniachia ovaroli ya kituo juu ya meza yangu, imekunjwa vizuri.

Mwezi wa nne mwaka uliofuata mto Rusizi ulifurika na maji yakaingia Gatumba. Nyumba ya Bahizire ilikaa ndani ya maji wiki kadhaa. Vibao vilielea, akaviokota kumi na kimoja. Daftari lilikuwa juu ya kabati, na kabati likaanguka. Lilikuwa bado ndani ya ule mfuko wa plastiki, ila mfuko ulikuwa na tundu. Walikuwa wamelinakili chini ya nusu. Haya nilihadithiwa na Adélaïde, ambaye alikwenda kumwona akiwa na mchele na blanketi. Mimi sikwenda. Mwaka wa pili maji yaliporudi, mkewe aliugua katika kambi ya waliohamishwa na mafuriko, akafa, na hapo nilikwenda, nikasimama mbali, nikaona lile jeneza na ule mgongo wa mkono.

Baada ya mazishi alihamia Ruziba. Orlane alikuwa amepanga kibanda huko karibu na mashamba ya mboga, ambako watu wanavuta maji ya ziwa kwa pampu, na pampu zinaungua kila kiangazi. Adélaïde alipata kazi ng'ambo. Hatukupata mhandisi mwingine wa kike, na fani ya mota ikafungwa. Ukuta wa mbao bado upo. Tunauegemezea mafagio.

Mwaka 2024 ilikuja barua kutoka kwa wafadhili walewale. Mawazo yalikuwa yamebadilika. Sasa walikuwa wakikusanya habari za wanaume waliosaidia wasichana kuingia katika ufundi, wanaume wa mfano, na palikuwa na nafasi ya ualimu kwa atakayechaguliwa. Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Nilijua jina la kuandika kabla sijamaliza kuisoma. Nilijiambia kwamba nakwenda kurudisha nilichokichukua.

Nilifika Ruziba saa nne asubuhi. Kibanda kilikuwa cha mabati, mbele pameandikwa kwa rangi nyekundu MWANNE BOBINAGE, yaani usukaji wa mota kwa Mwanne. Orlane alikuwa ameinamia mota, wasichana wawili nisiowajua wamechuchumaa kando yake. Aliniona na hakuinuka.

"Karibu, Madamu," alisema. "Ulikosa njia ao unatafuta wa kupiga picha?"

"Nimekuja kumwona Fundi."

"Iko nyuma. Sisi hapa hatuna mbao, utamuona tu."

Bahizire alikuwa ameketi juani, amekonda sana, kifua kinalia kila anapovuta pumzi. Mikono tu ndiyo ilikuwa ileile. Alinikaribisha, akamwita mmoja wa wale wasichana aniletee kiti, akakigusa kwa mgongo wa vidole kabla ya kunisogezea. Nilimweleza kila kitu. Nilizungumza muda mrefu. Nilisema kwamba nilikosea, nikalisema hilo kwa Kiswahili, bila kulifunika. Yeye alisikiliza akitazama ziwa.

"Hiyo karatasi iko wapi?" aliuliza.

Nilimwonyesha. Hakuipokea mara moja.

"Ndani yake iko na nafasi ya Mama Mwanne?"

Niliisoma tena, ingawa nilijua. Jina, umri, uraia. Idadi ya wasichana aliowasaidia. Maneno yake kwa wanaume wengine. Ningeweza kusema ipo. Ningeweza kumwambia nitaandika pembeni.

"Hapana, Fundi. Haina."

Nyuma yetu niliisikia kazi ya Orlane imesimama.

Bahizire alinyoosha mkono, akaigeuza ngumi yake, na kwa mgongo wa vidole akaigusa ile fomu, polepole, kutoka juu mpaka chini, pale ilipokuwa mikononi mwangu. Kisha akaurudisha mkono wake mapajani bila kuishika.

"Hakuna umeme humu, Madamu," alisema. "Unaweza kushika bila kuogopa."